Kufuli la Choo cha Ploti

Jamani, leo nimetahayari. Nawaandikia kwenye kompyuta ya saiba ya hapa mjini Machakos, na uso bado una moto.

Mnaijua ploti yetu: chini maduka, juu sisi wapangaji. Maji huku juu hayapandi, kwa hivyo sote tunategemea choo kimoja kilicho uani. Wateja wa hoteli ya Mama Mwende nao wakishashiba muthokoi wanakuja hapo hapo. Basi mimi, katibu wa wapangaji (nilijichagua mwenyewe), nikanunua kufuli. Nikabandika na tangazo: "Ukikuta kufuli liko wazi, funga mara moja." Tangu siku hiyo mimi na Mama Mwende hatusalimiani.

Leo saa nne Mzee Kioko, mwenye ploti, alikuwa anakuja kuamua choo ni cha nani. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa tatu. Saa nne kasorobo tumbo likanivuruga (hotuba si mchezo). Nikakimbia uani, nikafungua, nikaacha kufuli likining'inia nje, nikaingia.

Mara nikasikia ndara. Mlango ukagongwa.

"Kuna mtu huko?"

Mama Mwende. Nikanyamaza. Mimi nimsemeshe yeye, tena nikiwa vile nilivyokuwa?

"Hakuna," akajijibu. Kufuli likalia ka. "Wasiseme tena sisi wa chini hatujui kusoma."

Ufunguo ninao mfukoni. Kufuli liko nje.

Nikajiambia atapita mtu wa juu nimwite polepole. Aliyepita ni Mzee Kioko, na watu wakimfuata na viti. Mkutano ukakaa pale pale uani, hatua nne kutoka nilipo. Nikashika hotuba yangu ya kurasa tatu (zilikuwa zimebaki mbili, msiniulize).

"Katibu ako wapi?" Mzee akauliza.

"Pengine ameogopa," akasema Mama Mwende. "Huyo ni wa kubandika makaratasi tu."

Watu wakacheka. Wapangaji wenzangu pia, niliwasikia. Nikisema, nimeumbuka. Nisiposema, choo kimekwenda.

"Kama watu wa juu hawana maneno," Mzee akasema, "mimi naona Mama Mwende akae na hiyo funguo."

Nikajisikia nikipaza sauti: "Mzee, napinga!"

Mzee akauliza kwa upole kabisa, "Ni nani huyo anapinga?"

"Ni katibu."

"Na uko wapi, katibu?"

Mama Mwende alikuwa ameshaanguka kwenye kiti kwa kicheko. "Ngai, na si niliuliza kama kuna mtu!"

Nikapitisha ufunguo chini ya mlango. Akauchukua, akanifungulia, akautia kwenye aproni yake. Mzee akasema ufunguo umefika pahali pazuri, mkutano umekwisha.

Sasa nikibanwa lazima nipite hotelini, nimsalimie Mama Mwende na kumweleza shida yangu mbele ya wateja. Leo nimeshamsalimia mara mbili. Tafadhali msicheke, tumbo bado halijatulia.