Unga wa Njano Juu ya Boneti

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamwuliza umechoka kiasi gani. Akatazama viatu vyake. Nilifundisha biolojia miaka thelathini na nne. Najua maana ya daktari kutazama viatu.

Basi nimeamua kuungama. Kila kitu, humu daftarini, bila kujipendelea. Binti yangu atalisoma nikishazikwa. Mwanangu, kama unalisoma kabla ya hapo, lirudishe chini ya godoro.

Ungamo la kwanza: sitaki gari langu liuzwe.

Habari nimepewa leo mezani, pamoja na vidonge. Binti yangu ni muuguzi. Husema mambo makubwa kwa sauti ya kupima homa. Mnunuzi anakuja Jumamosi saa nne. Nikauliza anakuja kununua gari la nani. Akaniuliza, Baba, macho ya kuendesha unayo? Nikasema ninayo. Akainua gazeti upande wa pili wa meza, nisome kichwa cha habari. Nikasoma: waziri azindua daraja. Kumbe lilikuwa tangazo la magodoro.

Kweli, gari halijatoka getini miaka minne. Lakini kila asubuhi naketi ndani yake, mikono juu ya usukani, gazeti mapajani. Kisanduku cha mbele kina peremende ambazo muuguzi hazijui. Isitoshe kuna jambo ambalo vijana hawalielewi. Mtu mwenye gari amekaa nyumbani kwa hiari yake. Asiye na gari amewekwa.

Kazi ya kuliandaa amepewa mkwe wangu. Ni fundi wa rangi za magari, mtu mpole, mpole kiasi cha kuudhi. Gari lilioshwa jana. Maji ya bomba hayarudi hadi Jumapili ijayo, kwa hiyo hakuna kuosha tena kabla ya mnunuzi. Mkwe amesema si neno, vumbi atalitoa kila asubuhi bila ndoo.

Gari ni jeusi. Gari jeusi halifichi kitu. Tumaini langu lote liko kwenye uchafu.

Jumanne, 4 Machi

Mti wa jirani yetu mshonaji umeinama juu ya ukuta, na huu ni msimu wake wa maua. Saa kumi na moja jioni ya jana nilitoka na bakora yangu, nikasimama kando ya gari, nikaupiga tawi kwa tawi. Chavua ilishuka kama unga kinuni. Boneti ikawa njano. Paa likawa njano. Mimi mwenyewe nikawa njano. Nilipiga chafya mara kumi na moja, moyo ukaruka mara mbili, nikalala nikiwa mshindi.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, mkwe alikwisha kufika. Gari likiwa bado kivulini, bati likiwa baridi. Alikuwa na chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni laini ya gari, na vitambaa vya manyoya mafupi, laini kama sikio la sungura. Hakugusa kitu kwanza. Alipulizia sehemu ndogo, akangoja vumbi linywe maji. Kisha akalaza kitambaa, akakivuta kwa mstari mmoja ulionyooka, bila kukandamiza, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Akageuza upande safi. Mstari mwingine. Akaanzia paa, akashuka. Upande ulioshika uchafu haukurudi tena juu ya rangi. Kitambaa kikikunjwa sehemu nne, alinieleza, kina nyuso nane, na kila uso una zamu moja tu.

Dakika ishirini na tano. Niliweza kujiona ndani ya mlango nikiwa nimenuna.

Kibaya zaidi, mshonaji aliniona jana. Amemwambia binti yangu kwamba mzee ameanza mazoezi ya mikono, apongezwe. Nimepongezwa. Nimepangiwa mazoezi mara mbili kwa siku, kwa ratiba, imebandikwa kwenye jokofu.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu mpya: ushauri wa mzee.

Nilimfuata mkwe na kitambaa kikavu. Nikamwambia anajichosha bure na chupa zake. Enzi zetu vumbi lilifutwa kavukavu, kwa nguvu, kwa kuzungusha mkono, na magari yalidumu. Nilitaka afute mara moja tu. Mara moja ingetosha. Hakuna mnunuzi anayetaka gari lililochorwa utando wa buibui.

Akasema kwa adabu, Mzee, kavu kwa kavu ni msasa. Akanichukulia kitambaa mkononi. Baadaye niligundua amekusanya vitambaa vyote vikavu nyumbani, pamoja na leso yangu. Nimepangusa pua kwa ratiba ya mazoezi.

Alikuwa sahihi, na mimi ndiye ninayejua zaidi kwa nini. Punje ya chavua ukiiweka chini ya darubini ina miiba kama ganda la fenesi. Niliwafundisha watoto wa watu jambo hilo miaka thelathini na nne. Nilikuwa nikilijua pia siku ile.

Ungamo la pili, na hili ndilo kubwa.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mkwe alikuja na wajomba zake wawili kumposa binti yangu. Gari lilikuwa bado jipya, na lina vumbi. Nikataka wageni walikute linang'aa. Maji hayakuwapo, muda haukuwapo. Alfajiri nikashika fulana kuukuu, kavu, nikaisugua boneti kwa kuzunguka, kwa nguvu zangu zote. Jua lilipochomoza, niliiona kazi yangu: miduara ndani ya miduara, mamia.

Wageni wakafika. Kijana akasimama karibu na gari, kwa heshima, akingoja kukaribishwa. Mkanda wake ulifungwa kwa bizimu kubwa la chuma. Nikaliona bizimu. Nikasema mbele ya wajomba zake, huyu kijana ameegemea gari langu, tazameni alichofanya.

Wajomba wakatazama chini. Kijana akaomba radhi. Aliomba radhi kwa kosa langu, kwa maneno mazuri kuliko ambavyo ningeomba mwenyewe.

Nikamsamehe. Mbele za watu. Nilisifiwa kwa kusamehe.

Tangu hapo hadithi ya mkanda ni mali ya ukoo. Binti yangu humtania nayo mumewe akivunja hata kikombe.

Alhamisi, 6 Machi

Usiandike makosa yako na kuyaacha yaharibu mipango. Leo nilisonga mbele.

Namba ya mnunuzi imeandikwa kwenye karatasi karibu na ratiba yangu. Ana duka la vioo. Nikafunga mlango, nikaziba mdomo kwa taulo, nikampigia. Nikasema kwa sauti nzito kwamba mimi ni fundi wa zamani wa gari lile, dhamiri inanisuta, injini yake inakohoa kama mgonjwa, na usukani una tabia zake. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, Shikamoo, Mwalimu.

Nikaitikia marahaba kabla sijajizuia.

Alikuwa mwanafunzi wangu. Ndiye tuliyemwita Kifutio, kwa sababu alifuta ubao kila asubuhi. Amefurahi sana kusikia bado nina utani. Akasema awali hakuwa na hakika sana na gari, lakini kwa kuwa ni la Mwalimu, hata kama injini inakohoa atalinunulia dawa. Akanitakia afya. Akasema nitunze sauti, inasikika kama nimebanwa na kifua.

Jioni mkwe alilitazama gari, akaona vumbi la barabarani limelala jembamba, akalipulizia, akalifuta. Dakika kumi na mbili. Ananyanyasa kwa wema.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikesha nikifikiri, nikapata hila iliyo bora kuliko zote: ukweli.

Hesabu yangu ni hii. Mtu aliyebebeshwa lawama miaka kumi na tisa, ukimtua, hulegea. Mtu aliyelegea hakatai ombi. Nitaungama kwake, atalia kidogo, nami nitamwomba amwambie mkewe kwamba gari haliuzwi. Dhambi itatoka na gari litabaki.

Nilimkuta kwenye boneti. Nikaketi kwenye kigoda, nikashika kifua, upande sahihi, nikamwambia yote. Fulana. Kuzungusha mkono. Bizimu la mkanda.

Alipulizia. Akangoja. Akavuta mstari. Akageuza kitambaa. Nikadhani hajasikia, nikaanza upya kwa sauti kubwa zaidi. Akasema, Nimesikia, Mzee. Nilijua.

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu mwaka wake wa pili kazini. Bizimu la mkanda huacha mfereji mmoja, mrefu, wenye kina. Hii ni miduara, na inazunguka kuelekea upande ambao huzungusha mtu wa mkono wa kushoto. Tena imeishia katikati ya boneti, pale inapokomea mikono ya mtu mfupi. Katika nyumba ile siku ile, mfupi wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja.

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akacheka, cheko la puani. Mzee, ningeshinda hoja, ningekosa mke.

Yeye akaendelea kufuta. Kisha akaniambia, bila kuinua macho, kwamba angeweza kuiondoa miduara ile kwa mashine ya kung'arishia, alasiri moja tu. Hakuwahi kutaka. Kila nikimkera, alikuwa anakuja kuitazama kidogo, anajikumbusha kwamba hata mimi ni mtu, kisha anarudi ndani kunywa chai.

Nilikuwa na machozi, naandika kweli. Lakini kazi ni kazi. Nikaleta ombi langu la gari. Akasema, hilo mwombe mwenye nyumba. Akakunja kitambaa, akaenda kazini.

Hakulegea hata kidogo. Ukweli wote ule, bure.

Jumamosi, 8 Machi

Kifutio alifika saa nne kamili, mvi kichwani, tumbo mbele, akanishika mkono kwa mikono miwili. Jua lilikuwa limepiga sawasawa juu ya gari. Halijawahi kuwa safi namna ile, hata siku niliyolinunua. Hapakuwa na punje moja ya vumbi wala ya chavua.

Na ndipo nilipouona upumbavu wangu wa wiki nzima. Kwenye boneti ile tupu, nyeusi, miduara yote iliwaka. Vumbi ndilo lililokuwa limeificha. Nilikuwa nikipiga mti kwa bakora kuifunika aibu ambayo ingeniokoa.

Kifutio aliinama. Akaikagua. Akasema hmm. Akasema hii ni kazi ya kupaka upya, sijui kama nitaweza. Moyo wangu mchovu ukaruka kwa furaha. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo.

Akauliza nani alilifanya gari hivi.

Binti yangu akacheka. Akasema hayo ya zamani, ni mkanda wa mume wangu, hadithi ndefu.

Nilimtazama mkwe. Alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo ambao uzito wake anaujua. Hakunitazama. Angenitazama ningenyamaza.

Nikasikia sauti ya mzee mmoja ikisema, Ni mimi. Nilifuta kavu. Nikamsingizia.

Sijui ilitoka wapi. Nadhani ni dawa mpya za moyo.

Binti yangu aliacha kucheka. Alimtazama mumewe muda mrefu sana, kisha mimi, kwa muda mfupi sana. Mkwe alikuwa anakagua kucha zake.

Kifutio ndiye aliyeniangamiza. Machozi yalimlengalenga. Akasema Mwalimu alikuwa anamrudisha ubaoni kila alipofuta kwa kuzungusha, futa kwa mistari wewe mtoto, juu kwenda chini, na kumbe Mwalimu mwenyewe alizungusha. Akasema hii imemtia nguvu kuliko somo lolote. Akapapasa boneti kwa nyuma ya kidole. Haipakwi rangi, akasema, inabaki hivyohivyo, alama ya mkono wa Mwalimu. Bei ileile. Anakuja kulichukua Jumatatu asubuhi.

Mchana binti yangu alimpakulia mumewe kwanza, na nyama iliyo nono. Mimi nilipewa uji. Nilipouliza sukari iko wapi, akaniambia niungame, labda itatokea.

Jumapili, 9 Machi

Maji yamerudi. Mkwe ameliosha gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia, anapiga mluzi. Sikujua anaweza kupiga mluzi. Binti yangu amemletea chai uani mara mbili. Ni mkewe kwa miaka kumi na minane na leo anamletea chai kama mgeni.

Niliketi ndani ya gari kwa mara ya mwisho. Mkwe akafungua mlango wa pili, akaketi kando yangu. Tukatazama ukuta. Akachukua peremende mbili kwenye kisanduku, akanipa moja. Akasema alizijua tangu zamani. Huyu mtu anajua mambo mengi mno.

Kisha akasema, asante, Mzee. Nikamwambia asinizoee.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni na nimetulia. Nimefikiri vizuri juu ya wiki hii, kama mtu anayejiandaa kuondoka anavyopaswa. Nimepata funzo. Kuungama kuna nguvu kubwa. Watu wazima hulainika, hulia, hubadili mipango waliyokuja nayo. Kosa langu lilikuwa moja: niliungama jambo la kweli, na jambo la kweli mtu hulipenda.

Kesho asubuhi, kabla Kifutio hajatoka kwake, nitampigia. Safari hii bila taulo. Nitamwungamia, kwa kwikwi, kwamba gari lile liliwahi kuzama mtoni, siku tatu, hadi kwenye vioo. Ataniuliza ilikuwaje Mwalimu mwangalifu kama mimi akaingia mtoni.

Nitamwambia sikuwa naendesha mimi. Aliendesha mkwe. Amezoea.