Mzabibu Uliozaa kwa Jirani

Jumatano, 5 Machi
Usaliti! Mzabibu nimeupanda mimi, nikauchomekea nguzo, nikaupandisha kichanjani kwa mikono hii yenye baridi yabisi. Umezaa kwa jirani! Upande wangu majani matupu. Ng'ambo ya ukuta, kwa Mama Cherehani mshona nguo, vishada kumi na vinne. Nimepanda ngazi nikavihesabu. Na Jumapili anakuja shemeji, kaka wa mke wangu. Miaka minane ananiambia mkono wangu hata magugu yanaukimbia. Safari hii nimemwahidi atachuma mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Eti kosa ni langu! Mke wangu anadai wakati wa kupogoa nilifyeka matawi yote ya mwaka jana, na zabibu hutoka kwenye chipukizi za hayo hayo. Kule kwa jirani mkasi haukufika, ndiyo maana. Nikamwambia yalikuwa yamezeeka, magome yanabanduka. Akanitazama kuanzia kipara hadi ndala. Akasema kumbe vilivyozeeka hukatwa, basi nishukuru mkasi hakuushika yeye. Mwanamke huyu!

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa Mama Cherehani na adabu zangu zote. Nikamweleza zabibu zangu zimepotea njia. Akajibu, pini mdomoni, kwamba zimefika salama, babu asiwe na wasiwasi. Babu! Yeye ndiye aliyenitangulia kuzaliwa! Nikarudi nikafunga kamba, nikavuta tawi lije kwetu. Uliokatika ni waya. Nusu ya kichanja sasa imeinama kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda.

Jumamosi, 8 Machi
Bado nina akili. Nimenunua vishada sita sokoni, vinono, vyeusi, nikavifunga kichanjani kimoja kimoja. Uzi nimeazima kwa Mama Cherehani. Hakuuliza wa nini. Alicheka tu. Imenikera.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji alikaa chini ya kichanja, akatazama juu, kishada baada ya kishada. Nikajua leo nimemweza. Kisha akauliza huu ni mzabibu gani unaozaa nyeusi huku na za kijani zinazochungulia kule juu ya ukuta. Nikasema ni jua. Akavuta kishada. Kikaja na uzi, mwekundu, mrefu kama mkia wa tiara. Alicheka hadi akaletewa maji. Mke wangu akamsaidia kucheka. Mama Cherehani naye, kidevu juu ya ukuta! Watu hawana haya.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekaa, nimetafakari, kosa nimeliona. Mwakani nanunua za kijani.