Kipima Moyo Kwenye Kifua cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kanibandika kipima moyo kifuani. Kikae wiki mbili, majibu yawe safi, ndipo niruhusiwe kuchezesha fainali ya mtaa. Miaka yote refa ni mimi! Sasa muuza maziwa anaikodolea macho filimbi yangu. Nesi kasema ninyoe kifua, nisijipake mafuta, nipunguze jasho, la sivyo kitabanduka. Ninyoe? Thubutu! Mama watoto anakiita bustani yake.

Jumatano, 5 Machi
Nimekimbia mazoezini, kipima kikabanduka. Nimekiokota golini. Nesi kabandika kingine, kanikumbusha wembe, kasema hiki kikitoka hakuna kingine kabla ya fainali, itanipita. Nikamjibu nimesikia. Kusikia nimesikia.

Alhamisi, 6 Machi
Ukingo wa kipima umeanza kuinuka. Roho juu! Kumbe dawa imekaa kwenye kochi langu. Shemeji, mdogo wake mama watoto, alikuja kwa siku mbili. Huu mwezi wa nne. Kifua chake hakina unywele hata mmoja. Ngozi kavu. Jasho? Litoke wapi, mtu hanyanyuki! Nimembandika, nikaongeza plasta. Sharti lake: kiti changu mbele ya televisheni. Achukue. Mimi kichwa, bwana!

Jumatatu, 17 Machi
Hakikusogea. Nimekibandua kwa shemeji, nikakirudisha. Nesi kanisifu mbele ya wagonjwa wote. Niliona haya kidogo, zikaisha.

Jumanne, 18 Machi
Daktari kapiga simu. Moyo unarukaruka, nisikimbie, nianze dawa leo hii. Filimbi kapewa muuza maziwa. Nilitaka kulia, kisha nikacheka: moyo wenyewe si wangu! Hapo nikamwona shemeji kitini, kalala mdomo wazi. Kicheko kikakatika. Ananimalizia sukari, lakini nampenda.

Nikamshika mkono, tukaenda wote hospitali, nikasema ukweli. Daktari kanifokea mpaka nesi akafunga mlango. Kasema tumewahi, dawa zitamtosha. Shemeji kasema kumbe ndiyo maana anachoka ovyo. Miezi minne namwita mvivu! Nimemwachia kiti moja kwa moja.

Ijumaa, 21 Machi
Mama watoto kanisamehe kwa sharti: ninyoe leo, kesho nivishwe kipima kipya, niwahi mechi za msimu ujao. Bustani itaota tena, kasema. Nimekwenda kwa kinyozi, mtu mpole. Kanikalisha, kachukua wembe. Joto likamzidi, akafungua vifungo vya shati.

Mama yangu! Kifua kikavu, laini, hakina hata unywele. Nimemwomba aweke wembe chini kwanza, tuna mazungumzo.