Siku Istahil binti Bare Alipomaliza Chai Yake

Jongeeni, enyi watu wa Garissa, mlio ng'ambo hii ya Tana na mlio ng'ambo ile. Jongeeni nanyi wa Balambala mlioacha mbuzi kivulini, na wa Modogashe mliozima injini za malori yenu pale njia panda. Wengine wamekwisha kuwasimulia vita vya wafalme, farasi na mapanga. Mimi Abdiwahab, mlinzi wa lango la kituo cha mawasiliano ya dharura, nitawasimulia habari ya chai. Namwomba Mola anijalie pumzi ya kutosha, kwa maana habari yenyewe ni kubwa, na kifua changu kimejaa vumbi la barabara.

Aliyeitenda kazi hiyo tukufu ni Istahil binti Bare, Sauti-Isiyotetemeka, Sikio la Kaskazini Mashariki, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito na mwendo wa taratibu. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za walio hatarini na kuwapelekea gari la wagonjwa, ama zimamoto, ama polisi, ama, pasipokuwa na gari lolote, kuwapelekea maneno. Aliingia chumba kile akiwa msichana, wakati palipokuwa na simu moja ya upepo na meza yenye mguu wa kuazima. Mto Tana ulipofurika na kuingia majumbani, yeye ndiye aliyezungumza na familia iliyokwama juu ya paa, akiwataka watoto wamtajie majina yao tena na tena wasije wakasinzia, mpaka mashua ikawafikia. Lori lilipopinduka kwenye barabara ya Modogashe, alimwelekeza utingo aliyekuwa akilia jinsi ya kulifunga paja la dereva kwa kikoi chake mwenyewe; na dereva yule hadi leo hapiti mbele ya lango langu bila kupiga honi, hata saa ya swala, jambo ambalo nimemkanya.

Lakini shujaa huyo, aliyeyashinda mafuriko na moto, alikuwa hajapata kushinda kikombe cha chai.

Kila asubuhi Samsam, mpishi wa kituo, Bibi wa Birika, Mtiisha-Makaa, humletea chai ya maziwa ya ngamia. Kila asubuhi Istahil hukiinua kikombe, hupiga funda moja la kujaribu, na simu hulia. Huko kwenye simu yupo mtu aliyeumwa na nyoka, ama kisima kimemeza mtoto, ama nyumba inaungua. Istahil hukitua kikombe. Akirudi, chai imepoa na kujitandia utando wa maziwa kama blanketi, na nzi amekwisha kupiga kambi ukingoni. Huinywa vivyo hivyo, ama huimwaga dirishani chini ya mwarubaini, nao mwarubaini ule, nashuhudia kwa macho yangu, umenenepa kuliko miti yote ya mtaa.

Basi ikafika siku yake ya mwisho kazini. Turubai likatandazwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, sambusa zikaletwa katika sinia lililofunikwa. Noordin, mkuu wa kituo, Mwenye Tai Katika Joto, akamwendea Istahil mbele yetu sote akanena:

"Eeddo Istahil, shangazi yetu sote! Umetutumikia mpaka nywele zimekuwa nyeupe chini ya shungi. Nena zawadi uitakayo. Ukitaka zulia, tutaleta zulia. Ukitaka saa ya ukutani, ukuta utapata saa. Ukitaka mbuzi, mbuzi yuko tayari na hana habari."

Istahil akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Nataka kunywa chai," akasema. "Kikombe kimoja. Ikiwa moto. Mpaka chini."

Kunguru peke yao ndio walioendelea kuzichungulia sambusa. Sisi tulitazamana, tukatambua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akifanya hivyo.

"Wallahi," akanena Noordin, mkono kifuani, "leo simu haitakugusa!"

"Usiape, Noordin," akasema Istahil. "Simu haisikii ukiapa."

Hapo baraza la vita likakaa. Jawahir, msichana mwenye macho makali aliyekuwa amefunzwa na Istahil mwenyewe na ambaye ndiye angerithi kiti chake, akatwikwa ulinzi wa simu. Akavaa vipokea sauti kama mtu avaaye kofia ya chuma, akanena: "Eeddo, kaa uani na utulie. Simu itakayopita hapa kukufikia wewe, itapita juu ya mwili wangu." Nuh, dereva wa gari la wagonjwa, Mkata-Vumbi, Mjua-Mashimo, akajaza mafuta na kugeuza uso wa gari kuelekea barabarani. Mimi nikapewa ulinzi wa mlango wa chumba cha simu, nao nikauacha wazi, maana kuna joto. Naye Samsam akainua birika kwa mikono miwili na kunena maneno machache, kama ilivyo desturi ya majemadari: "Ya leo nimeichemsha kwa hasira."

Kikombe cha kwanza kikamiminwa. Moshi wake ulipanda mithili ya bendera. Istahil alikishika, akakisogeza mdomoni, na Noordin akainuka.

"Kabla hajanywa," akasema, "maneno mawili tu."

Enyi wasikilizaji, nimekaa langoni miaka mingi nami najua uwezo wa mwanadamu kusema. Alianza na historia ya simu duniani. Akaingia historia ya simu Garissa. Akawashukuru waliokuwepo, akawashukuru waliotuma udhuru, akaomba radhi kwa turubai. Akasimulia jinsi Istahil alivyompokea yeye mwenyewe kazini, akiwa kijana asiyejua kutofautisha waya wa redio na waya wa nguo, na hapo akafuta macho kwa tai, akalazimika kuanza upya. Istahil alikuwa mwanamke wa adabu. Hawezi kunywa mtu anapomsifu. Alikaa na kikombe mkononi akitikisa kichwa. Bendera ya moshi ikapungua, ikawa uzi, ikatoweka. Ni Samsam peke yake aliyeiona ikianguka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aonaye mji wake ukitekwa na marafiki.

Kikombe cha kwanza kikaenda kwa mwarubaini.

Cha pili kikamiminwa pasipo hotuba. Samsam alikuwa amesimama kati ya Noordin na hadhira, mwiko mkononi. Istahil akapiga funda la kwanza. Tukashusha pumzi. Simu ikalia.

Jawahir akaipokea kama ngao ipokeavyo mkuki. "Dharura, nakusikiliza." Na kwa kuwa simu ile ilikuwa pia kwenye spika, sote tuliisikia sauti ya mwanamume ikipasuka.

"Haloo! Haloo! Mama, mimi naitwa Hanad! Gari imekwama kwa laga, huku njia ya Balambala! Bibi yangu Kaaha anazaa! Tulikuwa tunakuja hospitali, sasa mchanga imeshika gari, dereva ameenda kutafuta watu, mimi niko peke yangu! Mtoto anakuja sasa, wallahi!"

Nuh alikuwa amekwisha kutoka. Nililifungua lango mbio nikarudi mlangoni, na ving'ora vikatokomea upande wa Balambala. Lakini mtoto hangojei gari. Jawahir alimwambia Hanad anawe mikono kwa maji waliyokuwa nayo, amlaze mkewe juu ya nguo safi, asimvute mtoto kwa lolote. Maneno yalikuwa sawa. Ila sauti yake ilianza kutetemeka, na kule kwenye laga, mto ule mkavu wa mchanga, sauti ya Hanad ikatetemeka kumfuata, na nyuma yake tukamsikia Kaaha akilia kwa Mola wake.

Nikageuka kumtazama Istahil. Kikombe kilikuwa kimeshuka mezani. Akasimama, akapita mbele yangu, mimi mlinzi wa mlango, nami sikunyanyua hata kidole.

Jawahir alipomwona akaanza kuvua vipokea sauti ampe. "Eeddo, chukua wewe. Tafadhali. Nikikosea—"

"Hapana," akasema Istahil kwa sauti ya chini. "Ameshaizoea sauti yako. Usimbadilishie njiani." Akaweka mkono juu ya bega la yule msichana, akauacha hapo. "Vuta pumzi. Ukivuta wewe, naye atavuta."

Jawahir akavuta pumzi. Na nilisikia, Mungu ni shahidi, kule kwenye mchanga wa laga Hanad naye akivuta.

"Walaal, ndugu yangu Hanad," Jawahir akasema, na sasa sauti ilikuwa imetulia. "Unaona nini?"

"Kichwa. Naona kichwa."

"Kishike tu kwa kiganja, taratibu. Usivute. Mwambie Kaaha asukume maumivu yakija. Mwambie hauko peke yako."

"Kaaha! Wanasema siko peke yangu!"

"Mwambie *yeye* hayuko peke yake."

"Hata yeye! Kaaha, hata wewe!"

Kisha kilio cha mama, kirefu, na kisha Hanad: "Ametoka! Ametoka! Ni msichana! Lakini hasemi kitu. Mama, hasemi kitu. Mimi nafanya nini?"

Noordin alikuwa amesimama nyuma yangu, tai imegeukia begani. Samsam alikuwa ameushika mwiko kwa mikono yote miwili. Nami, niliyeona mengi langoni, nilijikuta nikiisoma Fatiha kuanzia katikati. Mkono wa Istahil haukusogea begani pa Jawahir.

"Chukua nguo kavu," akasema Jawahir. "Mkaushe. Msugue mgongo kwa nguvu kidogo, kutoka chini kwenda juu. Usiache. Unasugua?"

"Nasugua."

"Endelea."

"Nasugua, mama. Nasugua."

Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba chumbani mle mlikuwa na watu watano na hakuna aliyepumua ila Jawahir, aliyepumua kwa kusikika, makusudi, ili mtu mmoja kule mbali apate kumfuata. Kisha ikatoka kwenye spika sauti nyembamba, yenye hasira, sauti ya kiumbe aliyekatizwa usingizi, na ikakua, ikajaza chumba, ikatoka uani mpaka kunguru wakaruka.

Hanad alikuwa akicheka na kulia. Jawahir akamwambia amlaze mtoto kifuani mwa mama yake, awafunike wote wawili, asikate kitovu, angoje. Hatukungoja sana. Ving'ora vikasikika kwenye simu, na sauti ya Nuh ikimwuliza Hanad kwa nini alisimama katikati ya laga kama mtu aliyekuja kuvua samaki.

Jawahir alikata simu, akafunika uso kwa viganja, akalia. Istahil akampangusa kwa mtandio wake uleule uliofutia miwani. "Mimi, simu yangu ya kwanza kama hii, nililia siku nzima," akamwambia. "Wewe una haraka. Simu nyingine inakuja."

Kikombe cha pili, tulipotoka nje, kilikuwa kimevaa blanketi lake. Nzi alikuwa amewahi.

Samsam akainua birika, akalitikisa sikioni. Iliyobaki ilitosha kikombe kimoja tu. Akairudisha jikoni ikachemka tena, akaja nayo akitembea kama mbeba taji, akamimina mpaka tone la mwisho. Hakuna aliyehutubia. Noordin alijiziba mdomo kwa sambusa.

Istahil akaketi. Akapiga funda la kwanza, likamchoma, akakunja uso kama shujaa aliyejeruhiwa asiyetaka kuonyesha. La pili. La tatu. Kikombe kilipofika nusu, simu ikalia.

Mkono wake ukashuka. Ulishuka wenyewe, kama ulivyoshuka miaka yote ile, na kitako cha kikombe kikagusa meza. Tukamtazama. Ndani, Jawahir akasema, "Dharura, nakusikiliza," na sauti ile haikuwa na hata chembe ya kutetemeka. Istahil alisikiliza maneno machache, akiwa ameinamisha kichwa upande. Nikaona mabega yake yakishuka taratibu, kama mtu atuaye mzigo asiojua kwamba alikuwa ameubeba.

Kikombe kikapanda tena. Akanywa. Akanywa mpaka shingo ikainuka, mpaka miwani ikaingia ukungu, mpaka masalia ya majani yakateleza chini. Akakitua, kitupu, kikiwa bado na joto.

Akalamba midomo.

"Samsam," akasema, "chai yako ina iliki."

"Tangu zamani, eeddo," akajibu Samsam.

Ndipo Noordin, akiwa na makombo ya sambusa kwenye tai, akaingia chumba cha simu, akaishika simu ya upepo, akawaita wote waliokuwa njiani na vituoni.

"Magari yote, vituo vyote, sikilizeni. Leo hii, mjini Garissa, mbele ya mashahidi, Istahil binti Bare, baada ya utumishi usio na mfano, amekunywa kikombe cha chai na kukimaliza. Asiyeamini aje akione kikombe. Na yeyote aliyewahi kuisikia sauti yake akiwa hatarini akaishi, na aseme alhamdulillah."

Redio ikakoroma. Kisha zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, sauti za watu walio mbali: alhamdulillah, kutoka zimamoto, alhamdulillah, kutoka barabara ya Modogashe, honi ikilia nyuma yake, alhamdulillah, kutoka kwa askari mmoja aliyeuliza, kwa ajili ya uhakika, kama kweli ilikuwa moto. Noordin akamthibitishia kwamba ilikuwa moto. Istahil alisimama kizingitini, mikono ameikunja, akisikiliza kila mmoja mpaka mwisho, kama alivyozoea.

Ya mwisho ilikuwa ya Nuh, kutoka njia ya Balambala, na nyuma yake kichanga kikilalamika kwa nguvu zake zote.

"Alhamdulillah. Tunakuja, mama na mtoto wazima," akasema. "Ila mama mzazi amesikia habari ya chai. Anauliza kama imebaki."

Samsam alikuwa amekwisha kuwasha jiko.