Sifuri Yangu Chini ya Mzinga

Jumatatu, 9 Juni 2025
Busunzu nzima, mtu akitaka habari za asali, ananiuliza mimi kwanza. Hata nyuki wanaijua sauti yangu. Leo chama chetu cha wafuga nyuki kimepata mashine ya kukamulia. Itakaa kwa mwanachama mwenye nyumba iliyo karibu zaidi na mizinga, naye atakamua wa kwanza. Yaani mimi! Ila jirani yangu Venanti alikuwa anatabasamu. Mtu hatabasamu bure.

Jumanne, 10 Juni
Nadine, binti wa dada yangu, aliyesomea kompyuta Kasulu, katunga programu. Kila mtu asimame mlangoni kwake, asome namba tatu kwenye simu: mashariki, kaskazini na kimo. Kompyuta itapima kutoka mizingani hadi kila mlango, itaje ulio karibu kuliko yote. Nikauliza kimo cha nini. Akasema mjomba, hapa ni milimani, wa bondeni na wa kileleni hawalingani. Jibu la haraka mno. Kafundishwa na Venanti!

Jumatano, 11 Juni
Akili! Alfajiri, nyuki wamezubaa kwa baridi, nimesimama chini ya mzinga wenyewe. Namba za hapo nimempa Nadine, kwamba ndipo mlangoni kwangu. Umbali sifuri. Nani ataishinda sifuri?

Alhamisi, 12 Juni
Hujuma! Jina langu halimo. Venanti wa kwanza, mita 460. Nadine anasema programu huiruka sifuri, maana hiyo ni mzinga kujipima wenyewe. Akaniuliza mbele za watu, mjomba, siku hizi unalala mzingani? Venanti akadakia eti nichangiwe blanketi. Mwenyekiti, akifuta machozi ya kicheko, kaniruhusu kurudia hadi Jumamosi.
Jioni Nadine kaja kupima mlango wangu. Mita 410! Namshinda Venanti bila ujanja, anasema, nipeleke tu namba za kweli. Hmm. Na yeye anapata nini? Mtego huu.

Jumamosi, 14 Juni
Sikunasa. Sifuri hawaitaki? Nikapanga kuwapa mita moja. Jana mchana nikaenda kusimama hatua moja kutoka mzingani.
Matokeo: Venanti 460, mimi 468. Mashine imekwenda kwake. Nadine kauliza mjomba, sasa umehamia kwa jirani? Nimewaambia programu ni mbovu, mwakani tupime kwa kamba. Kamba nitaleta mimi. Ya kuvutika.
Niseme humu tu: hatua moja sikuifikia. Nyuki walinitoa mbio. Namba nilizisomea chooni kwa Venanti, nilikojificha.