Jinsi Simba wa Randa Alivyounga Mkanda wa Msasa

Sogeeni, wake kwa waume, mlioketi na mliosimama, nanyi mnaopita na haraka zenu, tueni mizigo chini mnisikilize. Maana nawasimulia vita vikuu vilivyopiganwa katika karakana ya useremala yenye mlango mmoja na dirisha lisilofunga, baina ya shujaa mwenye kifua kipana na mkanda wa msasa uliobanduka kiungo. Ewe ulimi wangu, usinikimbie leo. Nipe maneno makubwa, kwa kuwa jambo lenyewe ni dogo kupita kiasi.

Shujaa huyo ni kaka yangu wa tumbo moja. Jina lake la vita ni Simba wa Randa, jina alilojipa mwenyewe, na mpaka leo hajapata mtu wa kumsaidia kulitamka. Yeye hupasua, huranda na kupiga msasa kwa mashine. Mimi mdogo wake napaka vanishi. Yaani mpaka yeye amalize kusema, ndipo kazi yangu inaanza.

Sasa jueni kilichokuwa hatarini. Mama yetu alivunjika nyonga, na daktari alikubali kumruhusu Jumamosi kwa sharti moja: asilale tena kwenye godoro la chini. Alitaka kitanda kilichoinuka, chenye ubao imara ubavuni wa kushikilia anaposimama. Kitanda kilikwisha kuungwa, lakini mbao zake zilikuwa zinakwaruza, zimetoka kwenye msumeno, zimejaa vibanzi vya kumtoa mtu damu. Mama alituambia wodini, "Mimi sitaki kuinuliwa kama gunia. Nipeni mahali pa kushika tu." Maneno hayo yaliniuma, na siku zote za vita hivi sikuyasahau.

Ikawa Jumatano asubuhi Simba akauendea ukuta wa hazina yake. Hapo palining'inia mikanda sita mipya, yote kwenye msumari mmoja wa inchi nne, imebanana, imejikunja kwa uzito wake, chini ya dirisha ambalo mvua huingia bila kubisha hodi. Kwa miezi minne nilikuwa nimesema, "Kaka, mikanda haitundikwi kwenye msumari, inapata kovu. Halafu hapo pana unyevu." Na kwa miezi minne alinijibu, "Mdogo wangu, mimi nimeanza useremala wewe unatambaa. Msumari unashika paa la nyumba, utashindwa na karatasi?"

Basi akaivalisha mashine mkanda wa kwanza, akanguruma, mashine nayo ikanguruma, na mkanda ukachanika palepale kwenye kovu la msumari. Wa pili ukamfuata mwenzake. Wa tatu ulimpiga kofi la mkono kabla ya kukata roho. Ilipofika saa ya chai, mashujaa watano walikuwa wamelala sakafuni, na ubavu wa kitanda ulikuwa haujalainika hata kwa upana wa kiganja. Wa sita haukuchanika. Huo unyevu ulikuwa umeila gundi ya kiungo, mkanda ukaachana ncha na ncha, mzima lakini hauna mduara. Simba alikwenda mbio duka la vifaa, akarudi anatembea, kwa kuwa muuzaji alimwambia, "Fundi, mzigo wa mikanda unakuja wiki ijayo."

Hapo ndipo alipopanda juu ya benchi la kurandia na kuhutubia maranda.

"Wako waliounga mifupa wakasifiwa," akasema. "Wako waliounga ndoa zilizovunjika, wakaketishwa mbele. Mimi, mdogo wangu, leo nitaunga mkanda, na watakaozaliwa kesho watasimuliwa."

"Unga basi," nikamwambia. "Jumamosi haina subira."

Silaha zilikuwepo. Mashine ilikuja na kiboksi chenye gundi yake na utepe mwembamba usiokatika, na kiboksi hicho kwa miaka miwili kilitumika kuwekea kikombe chake cha chai. Kikombe kikaondolewa kwa heshima zote. Akakwangua utepe wa zamani, akafuta ncha zote mbili kwa spiriti, akazilaza mgongo juu, akazigusanisha kwenye rula zisipishane hata kwa unywele, akapaka gundi, akabandika utepe, akaubana mkanda kati ya vipande viwili vya mbao kwa klempu. Kwa hilo nampa haki yake, mkono ulikuwa mwepesi na ulikuwa safi. Tatizo la kaka yangu halijawahi kuwa mkono.

Baada ya nusu saa akaifuata klempu.

"Kaka, imeandikwa pale kwenye kiboksi, mkanda ukae mpaka kesho."

"Mpaka kesho? Simba hangoji kitoweo kipoe."

"Haya, fungua. Nitamwambia Mama ashike ubao wenye vibanzi, mwanawe hangoji."

Akaitazama klempu, akanitazama mimi, akatia mikono mfukoni. Mchana kutwa aliulinda ule mkanda kwa kuuzunguka na kuusifu, na mimi nikachukua karatasi ya msasa nikasugua ubao wa kichwani kwa mkono, bila jina lolote la vita, mpaka vidole vikawaka moto.

Alhamisi mkanda ukafunguliwa, mashine ikavalishwa. Kabla ya kuwasha, Simba akatoka mlangoni kumwita fundi cherehani wa jirani aje ashuhudie, naye kwa adabu akaja na shati la mtu mkononi. Wakati hotuba inaendelea nikainama nikachungulia. Ndani ya mkanda kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzungukia, na mshale ule ulikuwa unaelekea kinyume. Mashine ingewashwa hivyo, kiungo kingebanduka, na kitanda cha Mama kingengoja wiki ijayo. Nikauvua, nikaugeuza, nikaurudisha. Shujaa alikuwa bado yuko kwenye utangulizi.

Akawasha. Mkanda ukashika. Ukazunguka, ukala vibanzi, ukala alama za msumeno, vumbi likajaa mpaka kwenye shati la mteja wa fundi cherehani. Nilifurahi, sikatai. Nilifurahi huku namchukia kidogo.

Nikapaka vanishi siku ileile, nikarudia Ijumaa asubuhi. Jumamosi Mama akaletwa. Tukamketisha kitandani, naye akapitisha kiganja kwenye ubao wa ubavuni, akaenda nao mpaka mwisho na kurudi, anatafuta kibanzi. Hakukipata. Akashika, akavuta pumzi, akasimama peke yake. Mimi nililia bila kujificha.

"Nani kaulainisha hivi?" Mama akauliza.

"Ni mimi, Mama," Simba akasema, akaanza kusimulia tangu ule mkanda wa kwanza.

"Subiri nikae, mwanangu," Mama akasema. "Naona ni ndefu."

Jumatatu Simba aliingia karakana na mkanda mshindi begani, akaenda moja kwa moja ukutani kuutundika mahali pake pa heshima. Mkono ukapapasa hewa. Msumari nilikwisha kuung'oa kwa koleo tangu Ijumaa, vanishi ilipokuwa ikikauka. Kwenye ukuta wa pili, mbali na dirisha, nilikuwa nimefunga kwa skrubu debe kubwa tupu la rangi, limelala ubavu, pana kiasi cha mkanda kulala juu yake bila kujikunja. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hili limenyamaza na linafanya kazi.

"Msumari wangu uko wapi?"

"Umestaafu."

Akalizunguka debe. Kisha akauweka mkanda juu yake polepole, akaunyoosha, akarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono.

"Si nilisema?" akasema. "Msumari haufai kwa mikanda."

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na mlio na ngoma zipigeni: kwamba baada ya miezi minne na mikanda mitano iliyoanguka vitani, Simba wa Randa alitundika mkanda mmoja pale unapotakiwa kutundikwa. Mimi naomba radhi, nina stuli mbili za kupaka vanishi.