Mwaloni wa Kiwanja Namba Kumi na Moja

Kwa Bi Doreen Spence,
Katibu, Chama cha Wenye Bustani za Hesleyburn,
Durham.

Ndugu Katibu,

YAH: OMBI LA KUMFUKUZA BW. CUTHBERT RAINE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mumeo na lile goti lake. Mimi si mzima. Kwa miaka thelathini na miwili nimelima liki, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu, katika kiwanja namba kumi, na mara tisa nimebeba kikombe cha maonyesho ya Septemba. Mara nane kimebebwa na jirani yangu wa namba kumi na moja, Bw. Raine, ambaye nilichimba naye makaa ya mawe hadi mgodi ulipofungwa. Mtu huyo, akiwa na miaka themanini na minne, sasa amepanda mwaloni, mti mkubwa unaoishi mamia ya miaka. Naomba afukuzwe, kwa sababu hizi:

1. Oktoba iliyopita nilimwona akitumbukiza vitu kwenye ndoo ya maji. Vilivyoelea alivitupa, vilivyozama alivifunga kwenye mfuko wa mboji yenye unyevu, na mfuko ukaenda kulala ndani ya friji ya mkewe, kando ya siagi. Mkulima yeyote wa hapa angejua hiyo ni mbegu mpya ya liki, tena ya siri. Nikapoteza majira mazima ya baridi nikimchungulia kwa darubini ya kutazamia ndege. Februari ndipo mkewe, Bi Ivy, alipoufungua mfuko mbele yangu. Mbegu za mwaloni! Mafua niliyoyapata ugani nani atanilipa?

2. Kivuli. Najua mche wenyewe una majani sita na haujafikia urefu wa kijiko cha chai. Lakini nimepiga hesabu: miaka sitini ijayo, saa tisa alasiri, kivuli chake kitaangukia liki zangu. Nilipomweleza hivyo kwa adabu, alinijibu mbele ya watu: "We Norman, miaka sitini ijayo utakuwa chini ya hizo liki, siyo juu yake. Hebu tulia, bwana!" Nina miaka sabini na tisa na sijawahi kuugua kitu cha maana. Naomba maneno hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.

3. Kanuni ya tisa inakataza mti wowote unaozidi kimo cha mwenye kiwanja. Kamati izingatie kwamba Bw. Raine anafupika kila mwaka. Siku ya kukutana kwao iko karibu kuliko mnavyodhani.

4. Halmashauri ikishauona mti umekomaa, itauwekea amri ya ulinzi, na hapo hata kijiti hakikatwi bila barua. Baada ya amri litakuja benchi. Baada ya benchi, kibao chenye jina lake. Wageni watakaa pale na sandwichi zao wakiulizana, "Raine huyu alikuwa nani?" na hatakuwepo wa kuwaambia kwamba mwaka mmoja alileta maonyeshoni liki zenye madoa ya ugonjwa wa kutu. Mimi je? Liki huliwa kwenye supu, basi. Hakuna anayeiwekea kibao. Hili linaniuma, nasema wazi.

5. Tangu Aprili anashinda kwenye kigoda kando ya mche wake, akifukuza kindi kwa kofia. Magugu yamemeza tuta lake la liki. Langu hajalichungulia hata mara moja. Juzi nilimwita mwenyewe aone zangu zilivyonenepa. "Nzuri, nzuri," akasema, bila hata kugeuza shingo. Nzuri! Mtu ambaye mwaka juzi aliniambia, "Norman, hizo ni liki au miguu ya kuku mgonjwa?" Nilirudi nyumbani na chai haikushuka.

Kwa hiyo naomba aondolewe kabla mwezi huu wa Juni haujaisha, mche ung'olewe, na kiwanja apewe mtu anayejua maana ya jirani.

Wasalimie wajumbe wote, hata mweka hazina. Bi Ivy nisalimie kipekee. Hana kosa, na keki ya tangawizi aliyoniletea niliimaliza siku ileile.

Wako mtiifu kwa kanuni zote,
Norman Thirlwell,
Kiwanja namba kumi.

Tanbihi: Siku ile Bi Ivy alipofungua mfuko, nilichukua mbegu moja iwe ushahidi. Ushahidi huo uko kwenye chungu kirefu, dirishani jikoni kwangu, na leo asubuhi nimeuhesabu majani tisa. Tisa, Ndugu Katibu, wakati mche wake una sita! Naomba maonyesho ya Septemba yawe na shindano la mialoni, na kamati ije na rula. Barua ya kumfukuza msiitume kwanza. Na mtu akienda kwake amdokeze hayo majani tisa, aje achungulie. Akiondoka yeye, mimi nitamshinda nani?